Bei ya Sukari ya Mwaka 1920 na Watengenezaji wa Soda na Pipi

Viwanda vya soda na pipi hutumia sukari nyingi kuliko karibu kiambato kingine chochote, hivyo bei yake ikiyumba, navyo huyumba. Marekani ilishuhudia hayo mwaka 1920.

Vita Kuu ya Kwanza iliharibu mashamba ya viazisukari ya Ulaya, na serikali ya Marekani ikadhibiti bei ya sukari. Udhibiti ulipolegezwa baada ya vita, bei ilipaa. Mei 1920 sukari ghafi ya Kuba ilifikia senti 22.5 kwa ratili. Bei hiyo nono ilivuta shehena kutoka kila pembe ya dunia, na kufikia Desemba ratili ilikuwa chini ya senti 4.

Caleb Bradham, mfamasia wa New Bern, North Carolina, aliyebuni Pepsi-Cola, aliuza chupa kwa senti 5, bei ambayo wateja walikwisha kuizoea. Kwa kuhofia sukari ingezidi kupanda, alijaza maghala ikiwa bado ghali. Bei ilipoporomoka, mali ghalani ilipungua thamani lakini deni likabaki palepale. Kampuni ilifilisika mwaka 1923, naye akarudi kwenye duka lake la dawa.

Milton Hershey, mfanyabiashara wa chokoleti, alikuwa na kiwanda chake cha sukari nchini Kuba. Hata hivyo, alinunua kwa mikataba sukari ya kupokewa baadaye, akapata hasara ya zaidi ya dola milioni 2. Benki iliyomkopesha ilituma msimamizi kwenye kampuni yake ya chokoleti hadi deni lilipolipwa.

Coca-Cola ilibanwa na mikataba yake yenyewe, iliyowahakikishia wajaza chupa shira kwa bei isiyobadilika. Kampuni ilipojaribu kuivunja, walikwenda mahakamani. Mwaka 1921 pande hizo zilipatana kwamba bei ya shira ifuate bei ya sukari.

Mwaka 1974 sukari ilipaa tena, ikapita senti 60 kwa ratili. Safari hii watengenezaji wa soda walipata mbadala: shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Kufikia mwisho wa 1984, Coca-Cola na Pepsi ziliruhusu itumike peke yake katika soda zao kuu nchini Marekani. Watengenezaji wa pipi ngumu hawakuwa na njia hiyo, kwa sababu fruktosi hufyonza unyevu wa hewa na kuzifanya pipi zinate. Wao waliendelea kuitegemea sukari, iwe rahisi au ghali.