Mombasa ya mwaka 2552: pale hadithi ya Halo inapoonyesha mshono

Ndugu na dada wa promotion, kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma juu ya Berlin 1885, Léopold II na pembe za ndovu. Leo naleta vita ya mwaka 2552, na ilipigwa Mombasa. Msicheke kwanza.

Nazungumza juu ya Halo, mchezo wa video uliotengenezwa Marekani na studio ya Bungie. Wa kwanza ulitoka 2001, Halo 2 ikafuata Novemba 2004, Halo 3 mwaka 2007, ODST 2009, Reach 2010. Wanadamu wamesambaa kwenye nyota. Maadui wao wanaitwa Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine unaoongozwa na manabii. Na katikati kuna askari mmoja asiyevua kofia, Master Chief. Pembeni ya michezo kuna vitabu. Ukiweka vyote mezani unapata historia nzima, iko na tarehe, sheria, majina ya meli. Na kama historia yoyote, kuna sehemu inajigonga yenyewe.

Wachezaji wengi wanatafuta makosa hayo ili wacheke. Lakini sisi tuliosoma historia tulifundishwa kuuliza: nani aliandika, lini, akiwa wapi, akitaka nini? Kwangu kosa la hadithi ni ushahidi. Linaonyesha mwandishi alikuwa amesimama wapi wakati anaandika.

Tuchukue meli. Katika Halo 2, Covenant wanafika Dunia na meli kubwa 15 tu. Miaka yote wanadamu walificha mahali Dunia iko, hata waliweka sheria ya kukataza meli inayofukuzwa isikimbilie nyumbani. Reach, ngome yao kubwa, ilikuwa imevamiwa na meli mamia. Sasa nyumbani kabisa kwa adui zinakuja 15? Na nabii anayeziongoza, Regret, haendi Sydney ambako makao makuu ya jeshi iko. Anashuka Mombasa. Juu ya nini? Mwaka 2004 mchezo haukutoa jibu la kushibisha. Mwaka 2007 Halo 3 ikaleta jibu: upande wa Voi, chini ya ardhi, kulikuwa mlango wa kale ulioachwa na viumbe waliotutangulia. Kumbe Regret alikuwa anautafuta huo. Shimo likazibwa, sawa, lakini kiraka kilishonwa miaka mitatu baadaye na uzi unaonekana mpaka leo.

Mimi kilichonishika zaidi ni mji wenyewe. Kwetu Mahagi, Mombasa si jina la kwenye sinema. Mafuta na kontena vinashukia bandari ile, vinapita Uganda, vinatufikia. Basi niliingia Mombasa Mpya na macho ya mtu anayejua mizigo yake inatoka wapi.

Kwanza, Mombasa ya Kale. Katika Halo 2 unapigana kwenye vichochoro vyake, kisha unavuka daraja refu ndipo uingie Mombasa Mpya. Mombasa ya kweli, Mji wa Kale uko kisiwani, pembeni ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Anayetoka huko kwa daraja anaelekea bara. Inawezekana ndani ya miaka 500 majina yalihama, miji inafanya hivyo, ila mchezo wenyewe hausimami kueleza. (Halafu kuna ile lifti ya kupanda angani. Wahandisi wanaopiga hesabu za kitu kama hicho wanapenda ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Mahagi-Port nyuzi 2 kaskazini. Wangekuja kujenga kwetu, bana.)

Tuje kwenye majina, hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Katika ODST unatembea Kizingo, unapita Tayari, unafika kituo cha Kikowani. Yote yana mizizi kwenye kisiwa cha kweli: Kizingo ipo, Kikowani ipo, na Tayari nasikia ndani yake Mwembe Tayari. Mtu alifungua ramani ya mji na akaisoma vizuri. Lakini ndani ya mchezo huohuo kuna daktari anayeitwa Daniel Endesha, na binti yake Sadie Endesha. Endesha! Ni kitenzi, tena cha kuamuru. Huyo daktari ndiye aliyeweka ndani ya mashine inayoendesha mji sehemu ya kumlinda binti yake, kwa hiyo inaonekana mtu alifungua kamusi, akatafuta neno la kazi hiyo, akalifanya ukoo. Na hadithi yote ya Sadie inasimuliwa kwa Kiingereza.

Weka majina hayo mawili pamoja, Kizingo na Endesha, utaona chanzo chao. Ramani walikuwa nayo. Kamusi walikuwa nayo. Mtu wa Mombasa wa kumuuliza ndiye sioni alama yake.

Naleta hii kwa wasomi wa Ituri kwa sababu sisi pia tuliandikwa hivyo. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 ulisema mlima Mfumbiro ni wa Waingereza, na ikionekana uko kusini ya mstari wa mpaka, basi mstari upindishwe kuufuata. Mlima haukujulikana vizuri uko wapi, na tayari una mwenyewe. Waliofika baadaye walikuta si mlima mmoja, ni safu ya volkano, zile tunaziita Virunga. Miaka minne baadaye, 12 Mei 1894, Uingereza ikampangisha Léopold II ukanda wa kilomita 25 upana, kuanzia pale maji ya Kongo na ya Nile yanapoachana mpaka ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, Mahagi ikiwa ndani. Ndiyo, ufuko huu ulipangishwa kama nyumba, na wenye nyumba hawakuitwa. Viraka vya mpaka viliendelea mpaka makubaliano ya Februari 1915. Leo Waalur wako Mahagi huku, na Nebbi na Zombo kule, na ukienda matanga ya mjomba unavuka mpaka wa kimataifa.

Tofauti ni kwamba Mombasa ya Halo haikufukuza mtu shambani. Hadithi zetu zilifukuza. Wote tunajua jinsi masimulizi ya nani alifika kwanza yalivyobebwa kama silaha hapa Ituri kati ya 1999 na 2003. Yale masimulizi yalikuwa laini sana, hayana mshono, kila kitu kimekaa mahali pake. Ndiyo maana nashtuka nikisoma TFC ambamo wazee kumi wamehojiwa na wote kumi wamesema kitu kimoja, kwa maneno yaleyale. Wazee gani hao? Mzee mmoja akisema mto na mwingine akisema ziwa, andika mto na ziwa, kisha muulize kila mmoja alisikia kwa nani.

Wenye Halo nao walipata mtihani huo. Kitabu cha Eric Nylund cha 2001 kinaweka shambulio la Reach tarehe 30 Agosti 2552, ngome inaanguka upesi. Mchezo wa Reach wa 2010 unaanza vita mwezi Julai na kuivuta kwa wiki nyingi. Hata meli Pillar of Autumn, ambayo kitabuni iko angani, kwenye mchezo inaondokea ardhini. Mwaka huohuo wa 2010 kitabu kilichapishwa upya na masahihisho kadhaa.

Wapenzi wa Halo wananishauri nisome chapa hiyo mpya, kwamba ndiyo safi. Mimi natafuta ile ya 2001.