Rumonge kwa miguu: mji wa dagaa, mawese na kumbukumbu ya ardhi

Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, unaweza kuzungukwa kwa miguu katika asubuhi moja. Umebanwa katika ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo: ziwa liko magharibi, milima iko mashariki, na kati yake inapita barabara ya taifa RN3 inayoelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania.

Mwaka 2015 mji huu ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025, uliopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, uliingizwa katika mkoa wa Burunga. Hata hivyo, umuhimu wa Rumonge hautokani na hadhi yake ya kiutawala. Historia ya mji imehifadhiwa katika ardhi, lugha na kazi za wakazi wake kuliko katika majengo, na ndiyo maana hueleweka vyema kwa kutembea.

Ufukweni alfajiri

Matembezi yanafaa kuanzia ziwani, saa wavuvi wanaporejea. Uvuvi wa usiku hufanywa kwa vyombo vilivyofungwa viwili viwili, vikiwa na taa za kuwavuta samaki juu ya maji. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, huanikwa juani, na mukeke, anayejulikana Kigoma kwa jina la mgebuka, huuzwa angali mbichi. Bandari huuunganisha mji na mwambao wa Kongo, ng'ambo ya ziwa linalogawanywa na Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia.

Ziwa hilo hilo linalowalisha wakazi limekuwa pia likiwafukuza. Njia pekee ya maji yake kutoka ni Mto Lukuga, ulioko Kongo, na mvua zikizidi kina hupanda haraka. Mafuriko ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024 yaliingia katika makazi ya mwambao wa Burundi, na Aprili 2024 serikali iliomba msaada wa kimataifa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inatenga mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo lisilojengwa, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kusimama humo.

Mtaa wa Waswahili

Kutoka ufukweni, Kiswahili husikika sambamba na Kirundi, na mji una mtaa unaoitwa hivyo hivyo, Swahili. Nchini Burundi, neno Mswahili limezoeleka kumaanisha Mwislamu wa mjini anayezungumza lugha hiyo, bila kujali asili ya ukoo wake.

Lugha hiyo ilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyoitumia Ujiji kama kituo chake. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu, na pia ya watumwa. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuieneza mamlaka yake kwenye mwambao wa Burundi, akazuiwa na Mfalme Mwezi Gisabo.

Wamisionari wa shirika la White Fathers walifika Rumonge mwaka 1879. Mei 1881, mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapo, na jaribio la kwanza la kuanzisha misheni nchini Burundi likakoma.

Michikichi na mwaka 1972

Mashariki mwa mji inaanza michikichi. Mawese ndiyo zao lililoipa Rumonge jina nchini kote, na mafuta yake mekundu yamo katika mapishi ya kila siku na katika utengenezaji wa sabuni. Lakini swali la nani mwenye shamba ni swali zito kuliko yote mjini hapa.

Tarehe 29 Aprili 1972, uasi wa Wahutu ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyopangwa dhidi ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huliita tukio hilo Ikiza, yaani janga.

Maelfu ya watu wa mwambao walikimbilia Tanzania. Mashamba yao yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, wakimbizi walianza kurejea. Miaka ya 2008 na 2009 pekee, zaidi ya 50,000 walitoka katika makazi ya zamani ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi walikuta ardhi ya wazazi wao mikononi mwa familia zilizoilima kwa zaidi ya miaka 30. Tume ya taifa ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kusuluhisha migogoro hiyo, na vijiji vya pamoja, kikiwemo cha Mutambara karibu na Rumonge, vilijengwa kwa wasio na pa kurudi.

Ndiyo maana mgeni anayepita michikichini anashauriwa kutouliza haraka shamba ni la nani. Jibu linaweza kuwa na wenyewe wawili, wote wakiwa na haki ya kusikilizwa.

Njiani kurudi Bujumbura

Karibu na Bujumbura, huko Mugere, upo mwamba ulioandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba walikutana Ujiji wiki chache kabla, na Mugere walilala usiku mbili tu. Usiku huo mbili umewekewa jiwe. Historia ndefu zaidi ya mwambao huu bado inawategemea wakazi wa Rumonge kuisimulia.