Karavanserai ya Bagamoyo, Nyumba ya Wapagazi

Ndugu zetu wana-Bagamoyo, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wageni wanaotembelea mji wetu huonyeshwa Misheni ya 1868 na Boma la Wajerumani, wakasimuliwa habari za Stanley aliyeondoka hapa kwenda bara mwaka 1871. Waliombebea mizigo hawatajwi. Nyumba yao bado ipo: ni Karavanserai.

Jina hilo lina asili ya Kiajemi, maana yake nyumba ya msafara. Ni jengo la karne ya 19, lenye ua mpana uliozungukwa na vyumba. Hapo wapagazi walitua mizigo, wakapika, wakalala, wakangoja safari nyingine.

Njia yao ilitoka hapa ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kwenda bara walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na jambo hilo halifichwi. Lakini si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na waliojua thamani ya kazi yao. Februari 1874 msafara wa Susi na Chuma uliufikisha Bagamoyo mwili wa Livingstone, baada ya kuubeba kwa miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Mji ulikula kwa jasho lao. Kila msafara ulihitaji chakula, kamba, nguo na mahali pa kulala. Sewa Haji, mfanyabiashara wa hapa, alitajirika kwa kuipatia misafara bidhaa na wapagazi. Naye alirudisha: alitoa jengo lake mjini kwetu liwe shule, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Jina lake bado lipo kwenye jengo la wodi Muhimbili.

Kisha njia ikahama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, na mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia huko, si kwetu. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliochukua miezi kichwani sasa ulichukua siku chache ndani ya behewa. Bahari yetu ilibaki palepale, lakini misafara haikuja tena, na nyumba ya wageni ikakosa wageni.

Mwaka 2006 njia ya zamani ya pembe za ndovu na watumwa iliwekwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Ni heshima, ila orodha haizibi ufa. Hewa ya chumvi hula chokaa, mvua huingia ukutani, na kumbukumbu za wazee huondoka pamoja nao. Wapo kati yetu wajukuu na vitukuu vya wapagazi waliofika pwani wakaoa, wakajenga, wakabaki. Habari zao hazimo vitabuni. Zimo majumbani mwetu.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba michango miwili. Wa kwanza ni fedha, kila mtu kwa uwezo wake, kwani haba na haba hujaza kibaba. Wa pili ni simulizi: muulize bibi au babu yako alitoka wapi na alifikaje, uandike, utuletee.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wetu ulipona kwa wageni waliokuja na mizigo vichwani. Tuwatunzie nyumba yao.