Skrubu ya goti: chuma ama ile ya kuyeyuka?

Wadau, wiki iliyopita grupu yetu ya WhatsApp hapa Mwakirunge iliwaka moto. Binamu yangu alikatika kano ya goti uwanjani, ile ACL, na tunamchangia pesa za upasuaji. Daktari akampa chaguo mbili: skrubu ya titani, ama ya kuyeyuka mwilini, bei juu kidogo. Watu wakaanza: "Msimwekee chuma, hiyo ni ya zamani!"

Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sijaacha. Hebu tuangalie historia.

1983, daktari Mmarekani anayeitwa Lambert aliandika jinsi alivyotoboa mfupa, akapitisha kano mpya yenye kipande cha mfupa, akaibana na skrubu ya chuma ya milimita 6.5. 1987, Kurosaka na wenzake wakapima, wakakuta skrubu nene ya milimita 9 inashika zaidi. Chuma kikatawala.

Kero ikawa kwamba chuma huharibu picha za MRI, na ukipasuliwa tena mara nyingi lazima kitolewe kwanza. Ndiyo miaka ya 1990 ikaenea plastiki ya kuyeyuka, iliyotokana na asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa lala. Tamu kusikia, sivyo? Lakini zingine zilivunjika mikononi mwa daktari zikiingizwa. Zingine zilikaa miaka bila kuisha, ama zikaleta uvimbe wa maji. Sisi tunaishi na jaa la taka la Mombasa, tunajua neno "itaoza" linavyodanganya! Baadaye wakachanganya plastiki na madini ya kalisi, na ikaja pia PEEK, ambayo haiyeyuki wala haisumbui MRI.

2016, watafiti wa Cochrane walilinganisha chuma na za kuyeyuka. Magoti yalifanya kazi karibu sawa, ila za kuyeyuka ndizo zilizofeli zaidi, ikiwemo kuvunjika wakati wa upasuaji.

Kwa nini magoti yawe sawa? Kwa sababu skrubu inashikilia tu kwa wiki kadhaa, mpaka kano ishikane na mfupa. Baada ya hapo, kazi ni ya mwili na mazoezi.

Kwa hivyo maoni yangu: binamu amuulize daktari kama kuna sababu maalum ya ile ya bei. Kama hakuna, wekeni titani bila aibu, na pesa inayobaki iende kwa fizio. Hapo ndipo wengi wetu huishiwa.

Wewe ungechagua gani?