Unga ulivyoingia visiwani, na mlango tuliouacha wazi



Bi harusi mmoja alikuja dukani kwangu kujaribu gauni, akakaa kitako akalia. Mchumba wake anatumia unga, na aliyegundua ni kaka yake, wiki mbili kabla ya ndoa. Posa ikarudishwa. Amenipa ruhusa niseme bila ya jina. Mama wa kijana alinieleza kwamba mwanawe alikamatwa na bangi skuli akiwa kidato cha pili. Akachapwa, akafukuzwa. Alikokwenda ni maskani, kwa wenye kuuza.

Mimi ni fundi cherehani, nimesoma mpaka sekondari. Lakini nilitaka kujua: mambo haya yalitufika vipi, na kwa nini tunagundua siku ya harusi?

Katikati ya miaka ya 1980, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, biashara ilifunguliwa, na baadaye watalii wakazidi. Kheri nyingi zilikuja. Lakini miaka hiyo hiyo heroini kutoka Asia ilikuwa inapita Bahari ya Hindi, na nyengine ikabaki hapa kwetu. Mwanzo ilikuwa ya rangi ya udongo, watu wakiivuta. Kufika miaka ya 2000 ikaenea nyeupe, inayoyeyuka upesi kwenye maji, na hapo ndipo sindano zikaingia. Sindano za kupokezana zikaleta VVU na homa ya ini.

Sasa tazameni tulivyojibu. Mwaka 1995 Bunge lilitunga sheria ya dawa za kulevya, yenye vifungo vikubwa. Mwaka 2009 Unguja ikaanza kupata nyumba za kurekebishia walioathirika, soba hausi. Mwaka 2011 Muhimbili, Dar es Salaam, wakaanza kutoa methadoni, dawa ya kumtuliza mtu asiumwe na arosto, na mwaka 2015 ikafika Kidongo Chekundu. Yote haya yameokoa watu, alhamdulillah. Lakini yote yanamngoja kijana aliyekwisha kuzama. Mtoto wa miaka 14 mwenye sigara yake ya kwanza, tulichomwekea ni kiboko na barua ya kufukuzwa.

Wenzetu wengine walijaribu kutisha. Marekani, mwaka 1983, polisi wa Los Angeles walianza kuingia madarasani kuwahadharisha watoto. Mpango ule ulienea nchi nzima, lakini watafiti walipowafuatilia watoto hao baadae, hawakuona tofauti ya kudumu.

Iceland nao ni watu wa kisiwa. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa 5. Walifanya nini? Waliwauliza watoto wenyewe skulini, bila ya kuandika majina, na majibu ya kila mtaa yakarudishwa kwa wazazi na walimu wake. Wakaongeza michezo na muziki jioni. Wazazi wakapanga zamu za kutembea usiku, na sheria ikaweka saa ya mtoto kuwa ndani. Walianza kabla ya mtoto kuharibika.

Msije mkadhani kuwahi ni kulea maovu. Katika hadithi iliyo ndani ya Sahihi Bukhari, mtu mmoja alikuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa ulevi, akiadhibiwa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume akamkataza, akamshuhudia mtu yule kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, lakini hakutolewa katika jamaa. Sisi tunamtoa mtoto wa kidato cha pili.

Mshono ukianza kufumuka, fundi hutia sindano pale pale. Ukiuacha, utakuja kukata kitambaa kipya. Mwalimu akiona mtoto hazingatii, anasinzia, marafiki wamebadilika, amwite peke yake, amsikilize kabla ya kumhukumu. Mzazi aitwe naye, bila ya kuaibishwa mbele za watu. Mtoto abaki darasani, na mtu mmoja amfuatilie kila wiki. Hili halihitaji jengo jipya.

Basi wewe mwenye mtoto skuli, nenda ukaulize: mtoto akikamatwa na sigara hapa, hatua ya kwanza ni ipi? Wakikujibu kufukuzwa, usiondoke kimya. Na wewe bi harusi, ulizia mapema, usione haya. Hiyo ni haki yako. Ukijaaliwa watoto, usingoje kuambiwa na jirani.

Gauni lile bado limetundikwa dukani. Mwenyewe hajarudi kulichukua, na mimi sijaliuza.

Allah awahifadhi watoto wetu, na awarejeshe waliopotea. Amin.