Moshi Katika Mifereji ya Hewa: Historia ya Kitambuzi na Mipaka Yake

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1980, moto ulizuka katika mgahawa mmoja ndani ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Marekani, kutokana na hitilafu ya umeme. Ndimi za moto ziliteketeza kasino iliyokuwa chini, lakini hazikuufikia mnara wa vyumba vya kulala. Hata hivyo, kati ya watu 85 waliopoteza maisha, wengi walikutwa katika ghorofa za juu, wameuawa na moshi. Moshi huo ulipanda kupitia mashimo ya lifti, ngazi, nafasi zilizoachwa baina ya sehemu za jengo kwa hofu ya tetemeko la ardhi, na mfumo wa kupitisha hewa, ambao baadhi ya vilango vyake vya kuzuia moshi havikuweza kujifunga.

Kifaa cha kutambua moshi hakikuwa kigeni wakati huo. Katika miaka ya 1930, Mswisi Walter Jaeger alikuwa akijaribu kuunda chombo cha kutambua gesi ya sumu. Inasimuliwa kwamba gesi haikukitikisa chombo chake. Kilichokitikisa ni moshi wa sigara yake mwenyewe. Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Ernst Meili, aliuendeleza ugunduzi huo hadi ukawa kifaa cha kutumika majengoni. Kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili ya chumba, mahali ambapo moshi hupanda polepole na kutanda chini ya dari.

Mferejini hali ni tofauti kabisa. Hewa hupita kwa kasi, nayo imechanganyika. Iwapo vyumba kumi vinarudisha hewa kwa kiasi sawa katika mfereji mmoja, moshi wa chumba kinachoungua hufika kwenye kitambuzi ukiwa umezimuliwa mara kumi. Aliyelala humo huenda akawa ameshalemewa kabla ya kengele kulia. Chujio nalo hunasa sehemu ya chembe za moshi. Juu ya hayo, kitambuzi cha mferejini kwa kawaida huvuta hewa kwa mrija wenye matundu unaokatiza mfereji, na kinachoisukuma hewa iingie mrijani ni tofauti ya shinikizo inayoletwa na mkondo wenyewe. Feni ikizimwa usiku ili kuokoa umeme, kitambuzi hubaki na taa yake ya kijani inawaka, lakini hakionji chochote.

Je, kifaa hiki hakina maana? La. Kazi yake ni nyingine: kuisimamisha feni na kuvifunga vilango ili mfumo usigeuke kuwa msambazaji wa moshi. Kwa kazi hiyo kinafaa, mradi kimewekwa penye mkondo uliotulia, mbali na kona, na kinasafishwa. Kanuni ya Marekani ijulikanayo kama NFPA 90A hukitaka katika mifumo inayosukuma zaidi ya lita 944 za hewa kwa sekunde, nacho huwekwa baada ya chujio, kwa kuwa chujio lenyewe laweza kushika moto. NFPA 72 nayo haikubali kitambuzi hicho kishike nafasi ya kile cha chumbani, kwa sababu ileile ya kuzimuliwa kwa moshi.

Hapa ndipo lugha inapoingia, tena si kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Kwa hiyo matini za kiufundi, za majengo zikiwamo, zinaingia mikononi mwa wafasiri na wanaistilahi. Kanuni ikitaja "kitambuzi cha moshi" tu, bila kueleza mahali na kazi yake, mwenye jengo anaweza kuweka kimoja mferejini na kudai kwamba vyumba ishirini vimelindwa. Na kwa maneno ya kanuni hiyo, hatakuwa amesema uongo. Istilahi mbili, tuseme kitambuzi cha chumbani na kitambuzi cha mferejini, hazina madaha yoyote. Lakini zingemlazimu mkaguzi kuuliza maswali mawili badala ya moja: ni nini kitakachomwamsha aliyelala, na ni nini kitakachoizima feni?