Rabi, Kinga na Mazungumzo

Neno rabi ni la kuandika kwa uangalifu. Mkristo akilisoma huwakumbuka wanafunzi wakimwita Yesu mwalimu. Mwislamu aliyekulia kwenye kasida na tenzi za pwani humkumbuka Mola, ndiye Rabi, ndiye Rabuka. Andika kwamba rabi alikimbia, na msomaji wa pili atashtuka kabla hujafika kwenye nukta. Mzizi lakini ni mmoja: kwa Kiebrania rav ni mkubwa, na rabi ni mkubwa wangu. Waislamu neno lao wamempa Mwenyezi Mungu, Wayahudi wakampa mwalimu wa sheria.

Rabi aliyenitia katika fikra hizi ni Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Warsaw wa mwaka 1907, mtoto wa ukoo wa viongozi wa Kihasidi. Mwishoni mwa Oktoba 1938 polisi wa Hitler walimkamata Frankfurt, wakamfukuza hadi Poland pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa nchi hiyo. Wiki chache kabla ya vita kuanza mwaka 1939 aliondoka Warsaw kwenda London, na mwaka 1940 akafika Marekani. Mama yake na dada zake watatu waliobaki Ulaya waliangamia.

Kwa istilahi za serikali, huyo ni mkimbizi. Neno hilo linatazama miguu tu. Heschel mwenyewe alichagua picha ya nabii Zekaria: alijiita kinga kilichoopolewa motoni. Hapa Kiswahili kinanipa raha ambayo sikuitarajia. Kinga cha moto ni kipande cha kuni kinachowaka. Kinga ya maradhi ni ulinzi. Ngeli ndiyo inayotenganisha kilichoungua na kinachozuia. (Wanaosema kijinga cha moto nao wako sahihi, ila wajiandae kuchekwa.)

Istilahi inayonisumbua zaidi ni jina la kazi aliyoifanya Heschel, ya kuwakutanisha watu wa dini mbalimbali. Magazeti yetu huandika mdahalo wa dini, mara majadiliano, mara mazungumzo, kana kwamba ni yale yale. Si yale yale. Mdahalo una upande wa kuunga mkono na wa kupinga, na mwishoni kuna mshindi. Mihadhara ya viwanjani Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Kurani zikifunguliwa ili kumbana mwenzio kwa aya zake mwenyewe, ilikuwa ya ukoo huo. Jadili nalo lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na harufu ya ubishi, ingawa kwetu limepoa.

Heschel alikwenda njia nyingine. Mwaka 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukitayarisha tamko juu ya dini nyingine, rasimu moja ilitaja tumaini kwamba siku moja Wayahudi wataingia Kanisani. Heschel, aliyekuwa amekwisha kushauriana na Kadinali Augustin Bea, msimamizi wa matayarisho ya tamko hilo, alisema wazi kwamba akilazimishwa kuchagua kati ya kuongoka na kambi ya mauaji ya Auschwitz, atakwenda Auschwitz. Septemba mwaka huo akaonana na Papa Paulo VI. Tamko la Nostra Aetate lilipotangazwa tarehe 28 Oktoba 1965, tumaini lile la kuwaongoa Wayahudi halikuwamo.

Mwezi uliofuata, akiwa mgeni katika seminari ya Kiprotestanti ya Union, New York, alifundisha kwamba sharti la kwanza la watu wa dini mbalimbali kukutana ni imani yenyewe. Asiyeshika dini yake hana cha kumwambia jirani. Kwa hiyo wanaodhani mazungumzo ni kuchanganya dini kwenye chungu kimoja wamekosea sawa na wanaotaka mshindi.

Basi wafasiri na wahariri, mdahalo uachieni shule na wagombea wa uchaguzi. Viongozi wa dini wakikaa pamoja bila nia ya kubatizana wala kusilimishana, andikeni mazungumzo.